Leso ya Mfuko wa Koti: Kuichagua, Kuikunja na Kuitunza kwa Hewa ya Lamu

Somo hili nimedaiwa muda mrefu. Kila anayekuja kupima koti, tukishamaliza mabega na mikono, huuliza lile lile: "Na kile kitambaa cha kifuani, fundi, unacho?" Ninacho. Tatizo si kukipata. Leso ya hariri iliyoshonwa kwa ajili ya watu wa London au Milano haikutengenezewa hewa ya chumvi, wala mrashi wa marawaridi, wala chetezo cha udi. Ukiivaa hapa kama wanavyoivaa wao, haimalizi mwaka.

Hapa nitaiita leso ya koti. Wengine husema hanchifu, na wote tunaelewana. Na kwa wale vijana wanaoniambia leso ni vazi la wanawake: neno lenyewe limetoka kwa Wareno, *lenço*, kitambaa cha mkononi. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso hizo za mraba zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, wakajifunga. Ndiko ilikotokea khanga. Kwa hiyo ukiona haya kuvaa leso moja kifuani, kumbuka huenda bibi wa bibi yako alijifunga sita kwa mpigo.

Kwanza: jua umeshika nini

Miaka iliyopita nilinunua leso sita Mombasa, zimeandikwa hariri tupu, bei nayo ikasema hariri tupu. Asubuhi ya harusi ya mpwa wangu nikaitandika moja mezani, nikaipitishia pasi. Ikanata kwenye pasi kama ubani. Ilikuwa poliesta. Bwana harusi alitoka na mfuko mtupu na mimi nikashinda nikikwangua pasi kwa kisu.

Tangu siku hiyo sinunui bila kuchoma uzi. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa kibano, washa kiberiti. Hariri ni protini, kama nywele zetu, na hunuka vivyo hivyo: nywele zilizoungua. Ukiondoa moto hujizima, na jivu lake jeusi husagika kwa kidole. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu lisilosagika. Pamba na kitani hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi la kijivu. Muuzaji akikukatalia kuchomoa uzi, umeshapata jibu bila kiberiti.

Kisha geuza ukingo. Pindo la cherehani hulala bapa, mshono umenyooka kama reli. Pindo la mkono limeviringishwa, ni nono kidogo, na mishono yake haifanani sana. Hilo la pili ndilo unalolilipia, maana ndilo linaloifanya ncha ya leso isimame vizuri mfukoni badala ya kulala kama sikio la mbuzi.

Ukubwa: sentimita 33 kwa 33 ndizo za kawaida na zinatosha. Za 25 huzama. Zaidi ya 40, hariri nyepesi itakubali, lakini kitani kitauvimbisha mfuko utadhani umeficha andazi. Hariri hupimwa uzito kwa momi. Iliyofumwa kwa mistari ya mshazari, ya momi 16 hadi 18, ndiyo nzuri kwa kazi hii. Nyepesi kuliko hapo haishiki mkunjo.

Pili: chagua kwa shughuli, si kwa duka

Hapa ndipo watu wanapokosea, nami sitapita haraka.

Hariri huogopa tone la maji. Tone likidondoka na kukauka huacha duara, na duara hilo halitoki kwa kusugua. Ukisugua ndiyo unaharibu mng'ao. Sasa fikiria maulidi. Umekaa safu ya tatu, koti juu ya kanzu, leso ya hariri ya bluu imechanua kifuani, na anakuja mtu na mrashi akinyunyiza kila bega. Huwezi kumwambia akuruke. Kwa maulidi, basi, na kwa akdi yoyote ya ndoa ambayo mrashi utazunguka, vaa kitani cheupe au pamba nzuri. Marawaridi yakikikolea, kinanukia, na kesho yake unakifua.

Chetezo nacho kina adabu yake. Sisi hufukiza nguo udi kabla ya kutoka, na koti zito hustahimili. Fukiza koti kwanza, ulitungike lipoe, ndipo utie leso. Cheche moja ya kaa hutoboa hariri kabla hujasema bismillahi. Harufu ya koti itaifikia leso yenyewe, huna haja ya kuipeleka motoni.

Marashi ya chupa yenye spirti pia, usinyunyizie kifuani. Paka nyuma ya masikio na viganjani, ngoja yakauke.

Hariri basi inabaki wapi? Karamu ya usiku, mkutano wa ofisini, safari, picha, harusi ya ukumbini. Na kwenye kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo, tafadhali, itoe kabisa uitie ndani ya koti. Nimeona leso nzuri ikikanyagwa pale na hakuna aliyeinama kuiokota, kila mtu anaangalia fimbo inaangukia wapi.

Tatu: rangi huanzia kichwani

Vitabu vya Wazungu vinasema leso isikize tai. Sawa, na wanaovaa suti na tai wafuate hivyo: rangi ziitikiane, zisiwe kitambaa kimoja. Ile tai na leso za pakiti moja, zimekatwa jora moja, ziacheni dukani.

Lakini wengi wetu koti tunalivaa juu ya kanzu, na tai haipo. Kinachotazamwa kwanza ni kofia. Kama una kofia ya vito ya mkono, ile iliyomchukua mtu wiki kwa wiki na sindano, hiyo ndiyo mkubwa wa vazi lote na leso ni mtoto wake. Tazama uzi uliotarizia. Ukiwa mweupe tupu, leso nyeupe. Ukiwa wa rangi ya maziwa au kahawia hafifu, usitie nyeupe kali, itaifanya kofia ionekane chafu. Tafuta rangi ya pembe, ya mchanga, au nyeupe yenye ukingo wa kahawia. Leso yenye maua mekundu na ya njano chini ya kofia kama hiyo ni kupigana na kazi ya mtu mwingine.

Nne: kukunja

Aina ziko nyingi, lakini mimi natumia mbili tu.

Ya mraba, kwa kitani na pamba. Tandika leso ikiwa imepigwa pasi. Ikunje katikati kulia kwenda kushoto, kisha chini kwenda juu. Umepata mraba wa sentimita 16 na nusu. Kunja upande mmoja ndani mpaka upana uwe kama sentimita 9 au 10, upime na mfuko wako, kwa sababu mafundi hatulingani. Kisha pandisha sehemu ya chini kwa nyuma mpaka urefu uzidi kina cha mfuko kwa sentimita moja na nusu. Tia. Mstari unaoonekana uwe sambamba na mdomo wa mfuko, na upande wenye kingo nyingi uelekee bega.

Ya kuchanua, kwa hariri. Itandaze, ishike katikati kwa ncha za vidole, uinyanyue ining'inie kama mwavuli uliofungwa. Mkono wa pili fanya pete kwa kidole gumba na cha shahada, ishushie kidogo juu ya kitambaa. Mkia unaobaki chini ukunje kwa nyuma, tia mfukoni, kisha vuta kidogo hapa, bonyeza kidogo pale. Usirudie rudie mbele ya kioo. Ikiwa imelingana pande zote umeiharibu. Inapendeza ikikaa kama imejikalia.

Ncha moja, ncha tatu, mawaridi na mengineyo wanaotaka wajaribu nyumbani.

Tano, kwa wenye subira: kuishona mwenyewe

Kata mraba wa sentimita 35, ukifuata uzi wa kitambaa na si macho yako. Tumia sindano nyembamba kabisa na uzi wa hariri au pamba laini. Pinda ukingo kidogo kwanza. Dona nyuzi moja au mbili za kitambaa chini kidogo ya ukingo uliokatwa, kisha pitisha sindano ndani ya mkunjo kama milimita 4, dona tena. Usikaze bado. Ukishapiga mishono sita au saba ndipo uvute uzi taratibu: ukingo utajiviringisha wenyewe kama jani la mgomba linaloanza kuota. Pembeni punguza ncha ya kitambaa kidogo sana kabla ya kugeuka. Usilipige pasi pindo, litakufa. Leso moja itakumalizia jioni mbili, na ya kwanza haitapendeza. Yangu ya kwanza nafutia miwani mpaka leo.

Maswali mliyoniuliza

*Wa Langoni: Assalamu alaykum fundi. Umesema hariri, hariri. Kwani kwa mwanamume si haramu?*

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Ulivyouliza ndivyo inavyopasa. Mimi ni mshonaji, fatwa si yangu. Nilichofunzwa ni hiki: katika madhehebu yetu ya Shafii mwanamume havai hariri safi, na hadithi ya Sayyidna Umar imeacha nafasi ya vidole viwili, vitatu au vinne. Iliyochanganywa na pamba, hariri ikiwa haizidi kwa uzito, imeruhusiwa. Leso ya sentimita 33 si vidole vinne. Kwa hiyo wengi wa wateja wangu nawapa kitani, au mchanganyiko ambao najua kipimo chake, na ile hariri tupu huchukuliwa na wageni na wasiobanwa na sharti hili. Hariri ya bandia, poliesta na reyoni, si hariri na swali halipo, ila kwa poliesta pasi utaiona mwenyewe. Ukitaka ya kina, sheikh wako hayuko mbali.

*Wa Malindi: Kaka, nafanya kazi hotelini, leso ya hariri nikiivaa asubuhi, saa sita imeshazama mfukoni. Nifanyeje?*

Hariri huteleza, na bitana ya mfuko nayo huteleza. Kata kipande cha kadi kigumu upana wa mfuko, kifupi kidogo kuliko kina chake, ukivike kitambaa cha pamba, leso ikae juu yake. Au mpe fundi apige mishono miwili midogo ndani ya mfuko kuinua sakafu yake. Kwa anayevaa kila siku hiyo ya pili ndiyo dawa. Na usiifutie jasho. Jasho hula rangi ya hariri, wewe weka leso nyingine ya pamba mfuko wa suruali.

*Wa Shela: Fundi, yangu imeingia mafuta ya pilau. Nimekwisha tia sabuni ya unga.*

Pole. Sabuni za unga nyingi ni kali kwa hariri, huifanya ikakamae na ipoteze mng'ao. Kwa sasa isuuze kwa maji baridi mengi, tone la siki kwenye maji ya mwisho, usiikamue; ikunje ndani ya taulo ubonyeze, uianike kivulini. Pasi ipite kwa nyuma ikiwa na unyevu bado, kwenye alama ya hariri. Siku nyingine mafuta yakidondoka, yanyunyizie unga wa muhogo au poda ya mtoto mara moja, uache usiku kucha, upanguse. Lingine linalowaponza watu wa Shela: msitunze kwenye mfuko wa nailoni. Hewa yetu ina unyevu, koga litaingia. Funga kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, utie karafuu chache kwa ajili ya nondo, na kila mwezi uitoe ipate upepo bila jua.

*Wa Mkomani: Nikishavaa leso, pete na saa na bakora bado vina nafasi?*

Nafasi ipo, kelele ndiyo haifai. Pete ya fedha yatosha, hata zile za masonara wetu zenye vigae vya vyombo vya zamani, maadamu kigae na leso havishindani kwa rangi. Saa ya mkanda wa ngozi ilingane na makubadhi. Bakora mwachie mwenye umri wake.

*Bi mmoja wa Matondoni: Fundi, nina khanga ya harusi yangu imechanika upande. Nataka nimkatie mume wangu leso ya koti. Itafaa?*

Itafaa sana mama, khanga iliyofuliwa miaka huwa laini na hushika mkunjo kuliko mpya. Chukua sentimita 35 sehemu isiyofifia. Ukikata kwenye mji, ile sehemu ya katikati, utapata maua makubwa ambayo yakikunjwa hayaeleweki. Kata penye pindo, ule mstari uje juu ukionekana mfukoni. Ila kabla ya kutia mkasi, soma jina, yale maandishi yake. Ujumbe ukikatwa katikati hubaki maneno mawili matatu ambayo hukuyakusudia, na mumeo atakuwa ameyabeba kifuani msikiti mzima. Jina likiangukia hapo, sogeza kipimo pembeni mpaka libaki nje.