Somo: Kutazamia kwa karata 32, kutoka karata tatu hadi mraba wa tisa

Wengi wanaoanza kutazamia kwa karata, yaani kubashiri mambo, hukariri maana ya kila karata, kisha wakitandaza husoma moja moja kama orodha. Hapo ndipo wanapokwama. Karata ikiwa peke yake husema kidogo sana. Habari yenyewe iko kwa jirani yake. Mkishika hilo, mengine yote ni mazoezi.

Hatua ya 1: Pakiti
Chukua pakiti ya kawaida ya 52, toa jokeri na karata zote za 2 hadi 6. Zitabaki 32: 7, 8, 9, 10, ghulamu, bibi, mfalme na ree (yenye herufi A) za kila aina. Seti ya namna hii ndiyo aliyoitumia Etteilla, Mfaransa aliyechapisha kitabu cha kutazamia kwa karata mwaka 1770, akaongezea karata moja ya muulizaji. Usitumie pakiti inayochezewa michezo. Kona zake hukunjika, na vidole huanza kuzitambua karata bila wewe kujua.

Hatua ya 2: Maana za msingi
Kopa ni mapenzi, nyumba na jamaa. Pao ni fedha na mafanikio. Uru ni habari, hati na safari. Shupaza ni vikwazo, maradhi na huzuni. Huo ni mkondo wa Kifaransa. Waingereza huweka fedha kwenye uru na kazi kwenye pao. Shika mmoja tu, maana ukichanganya, kila jibu litakuwa na njia mbili za kutokea.

Za kuanza nazo: ree ya kopa (nyumba), 9 ya kopa (matakwa kutimia), 7 ya kopa (nia njema), 10 ya pao (fedha nyingi), ree ya uru (barua), ghulamu wa uru (mjumbe), 8 ya uru (mwendo mfupi), 9 ya uru (kuchelewa), 10 ya uru (safari), 7 ya shupaza (wasiwasi), 9 ya shupaza (hasara, nzito kuliko zote). Mfalme wa shupaza ni mtu wa sheria au mwenye mamlaka makali.

Hatua ya 3: Swali
"Je, nitapata kazi?" ni swali baya, kwa sababu karata hazina ndiyo wala hapana. Uliza: "Maombi yangu ya kazi yanaelekea wapi katika wiki 6 zijazo?" Swali liandikwe kabla karata hazijaguswa. Lisipoandikwa, muulizaji hulibadilisha kichwani akishaona kilichotoka.

Hatua ya 4: Kuchanga na kukata
Gawa pakiti mafungu mawili, inua kona kwa vidole gumba, ziachie zipenyezane. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kihesabu kwamba pakiti ya 52 inahitaji kuchangwa hivyo mara 7 hivi ndipo ichanganyike vizuri. Kwa 32, mara 7 zinatosha kabisa. Ule mtindo wa kudondosha vifungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine huchanganya polepole mno. Kama hujui kupenyeza, zimwage mezani kifudifudi, uzikoroge kwa viganja dakika nzima. Kisha muulizaji akate kwa mkono wa kushoto.

Hatua ya 5: Karata tatu
Tandaza tatu kutoka kushoto. Ya kati ndiyo kiini. Za pembeni zinaipa hali. 10 ya pao kati ya 9 ya uru na 9 ya kopa ni fedha zitakazochelewa lakini zitafika. Hiyo hiyo kati ya mfalme wa shupaza na 9 ya shupaza ni fedha zenye mgogoro, na huenda zikapotea. Fanya zoezi hili kwanza mpaka ulizoee. Mraba utakuja wenyewe.

Hatua ya 6: Mraba wa tisa
Kabla ya kuchanga, toa karata ya muulizaji (M): mfalme kwa mwanamume, bibi kwa mwanamke. Vitabu vya zamani huichagua kwa rangi ya nywele na ngozi, kanuni isiyowafaa watu wengi duniani. Ichague kwa jambo: kopa kwa mapenzi, pao kwa kipato. Iweke katikati, uizungushie 8:

1 – 2 – 3
4 – M – 5
6 – 7 – 8

Safu wima ya kushoto ni yaliyopita, ya kati ni sasa, ya kulia ni yajayo. Mstari wa juu ni yasiyo mikononi mwake, wa chini ni anayoweza kuyafanyia kazi. Halafu soma jozi zinazotazamana kupitia M: 4-5, 2-7, 1-8, 3-6.

Mfano kwa swali letu, M ikiwa bibi wa pao. Juu: 9 ya uru, ree ya uru, mfalme wa shupaza. Kati: ghulamu wa uru, M, 10 ya pao. Chini: 7 ya kopa, 8 ya uru, 7 ya shupaza.

Jozi 4-5: ujumbe uliokwishafika unaelekea kwenye kipato. Jozi 2-7: barua ipo, ila iko juu, nje ya uwezo wake, chini yake kuna mwendo mfupi, yaani aende mwenyewe kuulizia. 1-8: kuchelewa kule kumezaa wasiwasi. 3-6: mkubwa mkali yuko mbele, na nia njema iliyojengwa nyuma ndiyo itakayomlainisha.

Mwisho hesabu aina. Karata 8 kwa wastani hutoa 2 za kila aina, hivyo 2 si habari. Zikifika 4, aina hiyo inazungumza. Hapa uru ni 4: jambo hili litaamuliwa na taarifa na mwendo, zaidi ya fedha zenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kila nikitandaza zinarudi zile zile. Ni ishara?*
Kabla ya kusema ni ishara, angalia uchangaji. Ukizikusanya kwa mpangilio ule ule na kuchanga mara mbili tatu, majirani hubaki pamoja. Zimwage mezani na kuzikoroga, kisha ujaribu tena. Zikirudi baada ya hapo, ziandike.

*Zikitoka kichwa chini nisomeje?*
Karata nyingi za kawaida hazina juu wala chini, hivyo wanaosoma za kupinduka huweka alama ndogo ya penseli upande mmoja. Ukifanya hivyo una maana 64 badala ya 32. Anayeanza aache kabisa, maana ngumu ambayo karata iliyopinduka ingeleta, jirani wa shupaza huileta pia.

*Naruhusiwa kujisomea?*
Ndiyo, kwa sharti moja: swali moja, mtandazo mmoja. Kinachoharibu ni kutandaza tena kwa sababu la kwanza halikupendeza. Andika tarehe, swali na karata zote 9, na usiulize tena mpaka muda uliotaja kwenye swali uishe.

*Imetoka 9 ya shupaza kwa mama anayeumwa. Nimwambie nini, ndugu?*
Usimwambie habari ya kifo, hata mara moja. Karata hazipimi ugonjwa. Kwa hilo ni hospitali. Mtandazo wa mgonjwa usomwe kwa yale tu anayoweza kuyashika, mstari wa chini: nani amsaidie, lipi apunguze. Na kama yeye hakuuliza, usimtandazie.