VPN Inapokataa Kuunganisha
Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, zima VPN (njia ya siri inayopitisha mawasiliano yako ndani ya intaneti) uhakikishe kwamba intaneti yenyewe inafanya kazi, kisha tazama saa ya kifaa, kwani saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa huifanya OpenVPN, moja ya programu za VPN, ikatae cheti cha utambulisho kilicho halali kabisa kwa kudhani muda wake haujaanza. WireGuard, programu nyingine ya VPN, husumbua zaidi, maana ufunguo (msimbo ambao kifaa na seva hutambuana kwao) usiolingana hauleti ujumbe wowote wa kosa: ni kimya tu. Kwenye seva andika amri «wg show». Usipoona mstari wa «latest handshake» (mara ya mwisho pande mbili zilipotambuana), linganisha funguo za pande zote mbili herufi kwa herufi, halafu hakikisha kuwa ukuta wa moto (kichujio cha mtandao) unapitisha UDP (njia ya kutuma data inayotumiwa na WireGuard) kwenye poti iliyowekwa, ambayo mara nyingi ni 51820. Mstari huo ukionekana lakini kurasa zikakwama katikati, punguza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kwa baiti) kutoka 1420 hadi 1280.