Kukata nyuzi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: sindano, wembe au leza?

Daktari mwenzangu mdogo aliniuliza atumie nini kukata uzi. Nikamwambia anionyeshe kwanza ni uzi upi. Tulikwama hapo mpaka jioni. Siku hizi wengi tunapasua bila kushona, lakini bado kuna macho yanayofungwa kwa nailoni 10-0, uzi mwembamba sana. Ukibana mno huipindisha konea, kioo cha mbele cha jicho, na mgonjwa huona ukungu: hiyo ndiyo astigmatizimu, na ndiyo sababu ya kukata.

1. Subiri. Wiki 6 hadi 8, na zaidi kama mgonjwa bado anatumia steroidi, dawa inayochelewesha jeraha kupona. Ukiwahi, jeraha huachia. Astigmatizimu ikiwa chini ya dayopta 3 (kipimo cha nguvu ya miwani) mimi sigusi, naandika miwani.

2. Tafuta uzi wenye kosa. Uzi uliokazwa mno huifanya konea iwe na mbinuko mkali zaidi kwenye mstari unaopita hapo. Ukiukata, mstari huo hulala. Keratometa, kifaa cha kupima mbinuko wa konea, hukuonyesha mstari wenyewe. Itazame konea kama uso wa saa: digrii 90 ni saa 12, 120 ni saa 11, 60 ni saa 1. Ukiwa umemkabili mgonjwa, hesabu ni hiyo hiyo kwa macho yote mawili. Usigeuze kwa jicho la kushoto.

Balaa huanza ukiwa na karatasi ya miwani peke yake. Silinda ni nguvu ya miwani inayorekebisha astigmatizimu. Silinda ya hasi kwenye 180 maana yake uzi uko 90. Silinda ya chanya kwenye 90 ni uzi huo huo! Soma alama kabla ya namba. Kisha hakikisha kwa macho: uzi uliobana huacha mikunjo kwenye konea. Vipimo vikisema saa 12 na nyuzi ziko saa 11 na saa 1, kata wenye mikunjo zaidi. Mbinuko mkali ukiwa kwenye 180 na nyuzi zote ziko juu, weka sindano chini, usikate; ukikata utaongeza tatizo. Na kama alishonwa kwa uzi mmoja mfululizo, kumbuka ukikata popote wote unalegea.

3. Ganzi ya matone, povidoni iodini 5% ya kuua vijidudu, kidevu kwenye slitilampu (darubini ya kupimia macho).

4. Kata. Mimi ni mtu wa sindano ya geji 26: ncha inapita chini ya uzi, unanyanyua, basi. Wembe namba 11 hukata vizuri ila ni mkubwa, mgonjwa akishtuka umechana konea. Leza ya agoni hukata uzi mweusi uliofunikwa na ngozi laini ya jicho bila kuigusa, lakini uzi unabaki ndani, na mashine yenyewe si ya kila hospitali.

5. Vuta. Kata upande ulio mbali na kifundo, vuta kutoka upande wa kifundo, kisije kikapita ndani ya jeraha. Usiache ncha nje, itakwaruza na kukaribisha vijidudu.

6. Weka fluoresini, rangi ya kung'aa, uone kama maji yanavuja, kisha matone ya antibiotiki. Uzi mmoja tu kwa kila ziara. Pima tena baada ya wiki 2 hivi. Ukikata nyuzi mbili pamoja na konea ikalegea kupita kiasi, dawa yake ni kurudi thieta (chumba cha upasuaji) kushona upya.