Somo: Kutoka darasa la bima kwenda benki ya uwekezaji

Wadogo zangu wa Tanga mnaosoma bima, kodi au fedha za vikoba, kila likizo mnaniuliza kama mmechelewa. Hamjachelewa. Ila msiombe kazi kama watu wanaoona haya kwa walichosoma.

Hatua ya 1: Ijue kazi. Benki ya uwekezaji haikufungulii akaunti ya mshahara. Inaisaidia kampuni kupata mtaji kwa kuuza hisa au hatifungani (mkopo unaolipwa kwa riba), na inashauri kampuni moja inapoinunua nyingine. Kwetu kazi hii imetawanyika: iko kwa madalali wa hisa na washauri wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kwenye vitengo vya benki kubwa. Ukisubiri tangazo lenye jina lenyewe, utasubiri sana.

Hatua ya 2: Taarifa tatu za fedha: ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha, na mizania. Uchakavu, yaani thamani ya mali inayopungua bila hela kutoka, ukiongezeka kwa milioni 10 na kodi ya kampuni ni 30%, kunatokea nini? Faida inashuka milioni 7. Fedha taslimu zinapanda milioni 3, maana kodi imepungua. Kwenye mizania, mali za kudumu zimeshuka 10, taslimu zimepanda 3, na upande wa pili mtaji wa wamiliki umeshuka 7. Swali hili halikosekani kwenye usaili, lijibu bila karatasi.

Hatua ya 3: Chambua muamala wa nyumbani. Hapa ndipo wengi wanaparuza. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilitoa hatifungani ya kijani (ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya 13.5%. Piga hesabu: riba ya mwaka ni kama bilioni 7.17, na inategemea ankara za maji tunazolipa sisi. Sasa, msomi wa bima, hapo ni kwako. Mto Zigi ukipungua, bwawa la Mabayani linalotupa maji linatoa nini? Makusanyo yakishuka kwa 10%, riba bado inalipika? Andika kurasa mbili tu, na jedwali lake la Excel. Wenzako waliosoma fedha za jumla watajaza riba na kuishia hapo.

Kisha soma habari ya Tanga Cement. Scancem, ya kundi la Heidelberg Materials lililokuwa tayari na saruji ya Twiga, ilipotaka kuinunua, mwaka 2022 Baraza la Ushindani lilitengua idhini iliyotolewa na Tume ya Ushindani. Baadaye ununuzi ulikamilika, na mwaka 2024 hisa zile zikaenda kwa Amsons, kundi la kampuni la Kitanzania. Bei inaweza kukubalika na sheria ikakataa.

Hatua ya 4: Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Omba mapema, hata kwa dalali mdogo. Shindano la masoko ya mitaji la vyuo nalo lisikupite.

MASWALI YA WANACHAMA

Pongwe: Shikamoo kaka. GPA yangu ni 3.2, nijisumbue?
Marahaba. Jisumbue. Wapo watakaokukata kwa GPA, hilo sikufichi. Kwa ofisi ndogo, ambatanisha zile kurasa mbili.

Muheza: Nianze na CFA, ule mtihani wa wachambuzi wa uwekezaji?
Ina ngazi tatu na ada ni ya dola. Kama taarifa tatu bado zinakuchanganya, hiyo hela itunze kwanza.

Ngamiani: Wakiniuliza kwa nini naikimbia bima, niseme nini dada yako?
Dada, usiseme inachosha. Huenda mteja wao ni kampuni ya bima. Sema umejifunza kupima hatari, na sasa unataka kuipima kabla mwekezaji hajatoa fedha. Halafu wape mfano wa maji.

Chumbageni: Kompyuta sina, natumia simu.
Simu inafungua Excel, lakini jedwali la miaka 10 humo ni mateso. Tumia maabara ya chuo jioni, anza na mstari wa makusanyo, kisha gharama, riba iwe ya mwisho. Ukikwama, lilete hapa tulitazame pamoja.