Anzia kwenye stesheni yenye treni chache

Ukipanga matembezi ya siku moja mashambani kutoka stesheni hadi stesheni, shukia ile yenye treni chache na umalizie ile yenye treni nyingi. Nilikuwa nafanya kinyume hadi juzi, nilipokaa karibu saa mbili kwenye benchi, soksi zimelowa. Saa ya kuanza unaijua, maana treni ndiyo inayokufikisha. Saa ya kumaliza ni ya kukisia tu. Matope, kupotea njia, mlo wa mchana uliorefuka, vyote hula muda. Hata kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 ya kukadiria muda wa matembezi (saa 1 kwa takriban kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 hivi za kupanda) haihesabu mapumziko, na wala haimjui rafiki yako anayepiga picha kila kipepeo. Ukimalizia penye treni nyingi, kuchelewa dakika 20 hakukugharimu chochote.

Mbinu hii haifai pale treni ya kwanza ya stesheni tulivu inapofika karibu na adhuhuri, hasa msimu ambao giza huingia mapema: hapo geuza, ila shika saa ya treni ya mwisho. Angalia pia ratiba ya siku yenyewe, kwani ya Jumapili mara nyingi ni tofauti kabisa. Na kama stesheni hizo ziko kwenye njia mbili tofauti za reli, uliza kwanza kama tiketi ya kwenda na kurudi itakubaliwa kote.