Gari limeisha kwenye ajali: namna ya kudai bima kubwa bila kupunjwa

Fundi akisema gari limeisha, anazungumzia bodi na chasisi. Kampuni ya bima ikisema hivyo hivyo, inazungumzia hesabu: gharama ya kulitengeneza imekaribia mno thamani yake. Ndiyo maana Toyota IST ya zamani inaweza kufutwa kwa sababu ya eabegi mbili, boneti na rejeta, huku Prado iliyokunjika vibaya zaidi ikipelekwa gereji. Mwenye gari asipoielewa tofauti hii hubishana na mkadiria hasara kuhusu chuma, wakati mwenzake anabishana kuhusu shilingi.

Yaliyomo humu yanamhusu mwenye bima kubwa Tanzania, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe. Mwenye bima ndogo, inayolipia hasara ya wengine tu, ana sehemu yake fupi kuelekea mwisho.

Pale barabarani

Watu kwanza. Polisi ni 112. Kama mtu amebanwa au mafuta yanavuja, zimamoto ni 114. Aliyeumia lazima apatiwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kwani bila fomu hiyo madai ya majeraha hukosa mguu wa kusimamia. Zima swichi, na ukisikia harufu ya petroli fungua waya wa hasi wa betri. Kwenye magari mengi ya Toyota ni spana namba 10.

Usilisogeze gari kabla trafiki hawajapima na kuchora ramani ya ajali. Ikibidi kulitoa barabarani kwa usalama, piga picha kwanza: pande zote nne kutoka mbali hadi sahani za namba zionekane, alama za matairi kwenye lami, vioo vilivyomwagika, gari la mwenzako na sahani yake. Baadaye, kwa utulivu, piga odometa na namba ya chasisi. Kwenye magari mengi ya Kijapani namba hiyo imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Andika pia namba za simu za mashahidi wawili ambao hawakuwa ndani ya gari lolote kati ya hayo mawili.

Sasa lile linaloua madai mengi kuliko yote: kumalizana kienyeji. Mwenzako anakuomba msiite trafiki, anatoa laki tatu, mnaandikiana kwenye karatasi ya daftari. Jioni fundi anakwambia chasisi imepinda. Hapo huna ripoti ya polisi, umeshapokea pesa ya aliyekugonga, na haki ya kampuni yako kumdai huyo mtu umeiuza kwa laki tatu. Hata maneno "kosa ni langu, nitalipa" usiyatoe. Mikataba ya bima huwa na sharti kwamba mwenye gari asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Eleza kilichotokea, basi.

Namba ya gari la mwenzako iingize kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, papo hapo kwa simu. Utaona kama ana bima hai na ya kampuni gani. Afadhali ujue akiwa bado amesimama mbele yako.

Gari likilala kituoni

Gari la ajali likivutwa hadi kituo cha polisi hupoteza vitu. Betri, redio, tairi la akiba, jeki, hata taa iliyonusurika. Kabla breki dauni, yaani gari la kuvuta, haijaondoka, orodhesha vilivyomo, piga picha, toa mali zako binafsi, na muombe askari wa zamu asaini orodha. Mkataba unakutaka ulilinde gari lisipate hasara zaidi, kwa hiyo kilichoibwa baada ya ajali kinaweza kukatwa kwenye fidia yako. Gharama ya kuvuta kwa kawaida hurudishwa hadi kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba, lakini kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kikaratasi cha mkono cha dereva wa breki dauni hakitakusaidia.

Ijulishe kampuni, au dalali wako wa bima, siku hiyo hiyo au kesho yake. Simu haitoshi: tuma barua pepe au ujumbe wenye tarehe, mahali, saa, namba ya gari na jina la dereva, ubaki na ushahidi kwamba umetoa taarifa. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na wengine hukwama hapo tu.

Faili la madai hutaka fomu iliyojazwa, leseni ya dereva aliyekuwa akiendesha, kadi ya gari, ripoti ya polisi pamoja na ramani ya ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi, na makadirio ya gereji. Kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza ajali kwa maneno yako. Maelezo hayo yafanane na uliyoandikisha polisi. Ukisema kituoni ulikuwa spidi 50 na kwenye fomu ukaandika 40, umempa mtu sababu ya kuliweka faili lako pembeni.

Mambo yanayofanya madai yakataliwe moja kwa moja ni machache na yanajulikana: leseni iliyokwisha muda au ya daraja lisilohusu gari hilo, pombe, na gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi kukutwa likibeba abiria wa kulipa. Hili la mwisho limewapata wengi wanaofanya teksi za mtandaoni jioni kwa bima ya gari la nyumbani. Lingine ni ada ya bima ambayo haijaingia kwa kampuni: ulimlipa wakala mkononi, naye hakuiwasilisha. Hakiki kinga yako kwenye mfumo wa TIRA siku unayokata, usingoje ajali.

Asesa anapokuja

Usiruhusu fundi afungue hata bampa kabla mkadiria hasara, yaani asesa, hajaliona gari. Gari lililofunguliwa linazua swali: kilichovunjika kimevunjwa na ajali au na nyundo ya gereji? Asesa akishaliona, omba aidhinishe lifunguliwe mbele yake au kwa maandishi, kwa sababu madhara makubwa hujificha. Kondensa na feni hukaa nyuma ya bampa, na miguu ya injini huvunjika bila dalili ya nje.

Chasisi ipimwe, isitazamwe kwa macho tu. Kwa futi ya utepe, fundi hupima mshazari kwenye uwazi wa boneti: kutoka tundu la boliti la kulia nyuma hadi la kushoto mbele, kisha kinyume chake. Kwenye gari nyoofu vipimo viwili hukaribiana sana. Vikipishana kwa sentimita, mihimili ya mbele imesogea, na gari hilo litakula matairi na kuvuta upande hata likipakwa rangi likang'aa. Mwonyeshe asesa vipimo hivyo. Eabegi zikifumuka, makadirio yaweke pia mikanda ya viti yenye vikaza vilivyolipuka, kompyuta ya eabegi na dashibodi. Gereji nyingi huandika eabegi peke yake, na pengo hilo linaweza kulihamisha gari kutoka kufutwa hadi kutengenezwa vibaya.

Hesabu yenyewe

Fidia ya gari lililofutwa si ile bei uliyokatia bima. Ni thamani ya soko ya siku ya ajali, na kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho kikomo. Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kuelezea tu. IST imekatiwa bima ya shilingi 12,000,000. Kwa asilimia 3.5 ada ni 420,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha 495,600. Siku ya ajali asesa anasema soko lake ni 10,500,000, na makadirio ya kutengeneza ni 8,200,000, sawa na asilimia 78. Kampuni inalifuta, kizingiti chake kimo kwenye mkataba au kwenye utaratibu wake, na si kimoja kwa kampuni zote. Sehemu ya hasara unayojibebea mwenyewe, inayoitwa eksesi, tuseme ni asilimia 10. Unabaki na 9,450,000. Ukitaka kubaki na mabaki, yaani gari lenyewe lililoharibika, na mnunuzi wa juu ameyapa bei ya 2,500,000, kiasi hicho kinakatwa: mkononi unapata 6,950,000 na gari lililopondeka.

Kiini cha mvutano ni ile 10,500,000. Asesa ana bei yake. Wewe njoo na zako. Kusanya matangazo matano au sita ya magari yaliyopo nchini, ya toleo, mwaka, ukubwa wa injini na kilomita zinazokaribiana na za lako, yenye tarehe. Ongeza ripoti ya uthamini kama gari lilithaminiwa wakati wa kukata bima, na risiti za injini, giaboksi au matairi mapya. Kikokotoo cha kodi cha TRA, Mamlaka ya Mapato, cha magari yaliyotumika nacho kinasaidia: kinaonyesha gari kama hilo likiingizwa leo litalipiwa kodi kiasi gani, mbali na bei ya Japani na meli. Andika barua ya ukurasa mmoja, taja kiasi unachodai, ambatanisha. Kulalamika kwa simu hakubadilishi ripoti.

Na hapa mapenzi yanapata kipigo. Rimu za laki nane, redio ya skrini kubwa, viti vya ngozi ulivyoshonesha mwenyewe: kama havikuorodheshwa kwa thamani wakati wa kukata bima, kwa kawaida havihesabiwi. Kama gari bado liko kituoni au gereji, uliza kwa maandishi kama unaruhusiwa kuvua usivyovitangaza na kurudisha rimu za kawaida. Kampuni inaweza kukubali kabla mabaki hayajapigwa bei. Baada ya hapo ni mali ya mnunuzi.

Ukikubali kiasi, utaletewa hati ya kukiri kupokea malipo ya mwisho. Isome neno kwa neno. Ukiisaini umefunga mlango, hata kama mkuu wa madai amekuahidi kwa mdomo kwamba "tutaangalia ya breki dauni baadaye". Gari la mkopo, benki hulipwa kwanza; fidia ikiwa ndogo kuliko deni, deni linalobaki utalilipa wewe. Ada ya miezi iliyobaki kwa kawaida hairudi, maana mkataba umekwisha kwa kulipwa.

Kuachia mabaki au kubaki nayo

Ukiyaachia, kabidhi kadi halisi na funguo zote mbili, saini nyaraka za uhamisho, na ubaki na nakala. Fuatilia mpaka umiliki uhame TRA. Gari likifufuliwa mtaani likiwa bado kwa jina lako, faini za trafiki na deni la maegesho vitakujia wewe.

Kubaki na mabaki kuna maana pale uharibifu ni wa bodi na spea zipo kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye yadi za magari yaliyokatwa. Kama mihimili imepinda au nguzo ya mlango imekunjika, achia. Kukata nusu ya mbele ya gari jingine na kuichomelea ni kazi inayofanyika, lakini usalama wa watoto kiti cha nyuma unategemea mshono wa mtu usiyeweza kuukagua.

Mwenye bima ndogo

Bima yako haikulipi wewe. Njia ni kudai kwenye bima ya aliyekugonga, na kampuni yake mara nyingi itataka ushahidi kwamba ametiwa hatiani: ripoti ya polisi yenye kumtaja mkosaji na nakala ya uamuzi wa mahakama au malipo ya faini. Kwa hiyo fuatilia kesi ya trafiki, jua namba yake na tarehe zake. Ikifutwa kwa sababu shahidi mkuu, yaani wewe, hakutokea, madai yamekufa.

Wakikataa au wakikaa kimya

Taka sababu za kukataa kwa maandishi, zikitaja kipengele cha mkataba. Jibu kwa maandishi kwa mkuu wa kampuni. Isipotosha, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatanisha mkataba, fomu ya madai, ripoti ya asesa, barua zote kwa mpangilio wa tarehe, na karatasi moja juu inayoonyesha kiasi walichotoa, kiasi unachodai na tofauti yake. Ripoti ya asesa iombe mapema; baadhi ya kampuni huitoa kwa kuombwa tu, na ni humo utakapokuta mwaka wa gari umekosewa au kilomita zimeandikwa sifuri moja zaidi.