Kompyuta kuukuu usiiuze kwa bei ya chuma chakavu

Hapa Mwanza naona laputopu nyingi zimetupwa kwa sababu tu diski ngumu ya ndani imekufa. Ichomee (yaani iandikie) kwanza kwenye CD Puppy Linux, mfumo endeshi mdogo unaoweza kuwaka bila diski ngumu. Faili lake la ISO, yaani taswira nzima ya diski, ni megabaiti mia chache tu, lipakue kwa bando la usiku.

Kosa kubwa: watu hunakili ISO kwenye CD kama wimbo. Haitawaka! Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows, bofya kitufe cha kulia juu ya faili, uchague kuchoma taswira ya diski, kwa kasi ndogo. Kisha iweke CD kwenye laputopu kuukuu, uiwashe ukibonyeza F12 au Esc, kutegemea mashine, uchague CD. Mfumo hupanda wote kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ikitosha. Kazi yako ihifadhi kwenye fleshi.